Maranda ya Mninga na Kuku Weupe Arobaini

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuchekwa, na nalisema hilo mapema ili mpate kuelewa uzito wa aibu ninayokusudia kuwasimulia. Nimefundisha kemia kwa miaka ishirini na minane, nimesimama mbele ya vijana ambao wengine leo ni wauguzi, mabwana shamba na mahakimu, na sikumbuki hata siku moja ambayo darasa langu lilicheka bila idhini yangu. Lakini asubuhi moja, katika ua wangu mwenyewe hapa Mwankoko, mtaa mzima ulinicheka (mke wangu akiwamo, ingawa yeye alijitahidi kuziba mdomo kwa upindo wa khanga), na chanzo cha kicheko hicho hakikuwa ulevi, wala wizi, wala mambo ya wanawake. Kilikuwa kitu nilichokitandaza sakafuni mwa banda la kuku.

Mambo hayo yalitukia katika zama zile za ruksa, wakati maduka ya Singida mjini yalipoanza tena kujaa sabuni na vitambaa, mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota, mashine za watu binafsi za kukamua alizeti zikaanza kunguruma mahali ambapo kabla yake palikuwa na ghala tupu la ushirika, na serikali, ambayo tangu ujana wetu ilitufanyia karibu kila kitu (au walau ilituahidi kila kitu), ikaanza kutuambia kwa upole kwamba sasa kila mtu ajitegemee. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Nilipewa barua, nikapewa mkono, nikarudi nyumbani na boksi la chaki ambalo hakuna aliyelidai.

Kiangazi kilichotangulia, mdondo ulikuwa umepita mtaani kwetu. Asiyefuga hawezi kujua maana yake: jioni kuku wanaingia bandani wakisukumana, baada ya siku tatu unawafukia. Na sisi watu wa Singida kuku kwetu si kitoweo tu. Mgeni akiondoka nyumbani kwako bila kuku aliyefungwa miguu, umempokea vibaya, na habari za uchoyo wako zitafika Ilongero kabla yake. Jirani yangu Bi. Sauda, mjane aliyenizidi miaka michache, alipoteza kuku wake wote, hata jogoo aliyekuwa akituamsha sisi majirani, na kwa miezi kadhaa asubuhi zetu zilikuwa kimya kama za watu waliohama.

Zamani dawa ya chanjo ililetwa na serikali, pamoja na mtu wa kuichanja. Sasa Bwana Mifugo wa kata, kijana mpole aliyetoka chuoni si muda mrefu, akatuambia kwamba dawa itapatikana, ila kila mtaa uchague mtu wake mmoja afundishwe kuchanja, na mtu huyo awe mfugaji, na banda lake likaguliwe mbele ya watu kabla ya kuchaguliwa, ili wale watakaomkabidhi kuku wao wajue wanamkabidhi nani.

Niliitaka kazi ile. Sitaficha. Haikuwa na mshahara wala cheo, lakini tangu nipewe ile barua hakuna mtu aliyekuwa akinihitaji kwa lolote, na mtu aliyezoea kuulizwa maswali tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akikaa mwaka mzima bila kuulizwa hata moja, huanza kuzungumza na kuku. Mtaa ulikuwa umekwisha kunipendekeza, mpinzani hakuwapo, na kilichobaki ni ukaguzi tu, Jumamosi saa nne asubuhi, uani kwangu.

Na banda langu, niruhusuni nijisifu kidogo, lilikuwa banda. Nililijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, madirisha ya wavu yanayotazama upande usio wa upepo, viota kumi vilivyopangwa kwa vipimo sawa. Ndani yake walikaa kuku wa mayai arobaini niliowaagiza Dodoma baada ya mdondo kupita, wangali vifaranga wa siku moja, weupe wote pasipo doa, weupe kama karatasi za mtihani. Watu walikuwa wakipita njia wanasimama kuwatazama. Ramadhani, muuza mitumba, niliyemfundisha miaka minne bila mafanikio yoyote, aliwahi kusema mbele ya watu: "Kuku wa Mwalimu wamefuliwa na kupigwa pasi." Nilijifanya sikusikia, lakini maneno hayo nilikwenda nayo ndani na kumweleza mke wangu mara mbili.

Ilibaki sakafu. Sakafu ya saruji haikai tupu. Kuku huumia miguu, kinyesi hunata, unyevu huleta maradhi. Lazima utandaze kitu cha kunyonya maji. Nikauliza, na kosa langu la kwanza pengine lilikuwa kuuliza, maana mtaa mzima ulikuwa na jibu na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushahidi. Mmoja akasema mchanga wa mtoni ndio bora, nilipomwuliza umepimwa na nani akasema ndivyo wasemavyo. Wa pili akasema nyasi kavu. Wa tatu akasema pumba za mpunga, kwa kuwa shemeji yake aliona huko Shinyanga (shemeji mwenyewe hayupo, mpunga wenyewe haupo). Ramadhani akasema maganda ya alizeti kutoka mashineni, kwa sababu ni ya bure, na kwake yeye kitu cha bure hakihitaji hoja nyingine.

Nikasema: tutapima. Nikachukua makopo matano ya maziwa yenye ukubwa sawa, nikajaza kila kopo kitu chake, nikamimina kipimo kilekile cha maji, nikasubiri saa moja kwa saa ya mkononi, nikakamua kila kimoja kwenye glasi na kupima maji yaliyotoka. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu.

"Baba Halima," akasema, "hivyo unavyowafanyia hao kuku, Halima hukumfanyia."

"Halima hakuwa na hatari ya mdondo," nikamjibu.

Mchanga haukunyonya kitu. Nyasi zilinyonya kidogo, lakini baada ya siku mbili zikaota ukungu. Pumba za mpunga, mfuko mmoja nilioupata kwa taabu, zilikuwa na vumbi lenye kuwasha macho. Maganda ya alizeti yalifanya vizuri, isipokuwa yalikuwa na punje zilizobaki humo, na nilipoyajaribu bandani kuku walizichokoa usiku na mchana, panya nao wakatoka sijui wapi kuwasaidia. Kopo la tano lilikuwa la maranda, yale mabaki mepesi yaliyojisokota kama kucha, yatokayo kwenye randa ya seremala. Maranda yaliyashinda yote. Yalinyonya maji karibu yote, yakabaki mepesi, yakanukia vizuri. Nikaandika matokeo kwenye daftari, kwa jedwali, na kwenye safu ya maelezo mbele ya neno maranda niliandika hivi, na daftari hilo ninalo hadi leo: "Maji yaliyokamuliwa yana rangi kidogo. Si muhimu."

Si muhimu. Mwalimu wa kemia.

Maranda yenyewe niliyapata kwa Fundi Salimu, seremala wa karibu na soko, ambaye wakati ule alikuwa akitengeneza vitanda kwa mninga uliokuwa ukishushwa kwa malori kutoka Manyoni. Karakana yake ilikuwa nyekundu chini hadi juu kwa vumbi la mbao, yeye mwenyewe alikuwa na nyusi nyekundu, na mimi nikapita katikati ya wekundu wote huo nikichagua magunia manne ya maranda safi, mazuri, yenye rangi ya asali, bila kujiuliza swali hata moja. Alhamisi jioni nikawa uani nikiyamwaga, ndipo Bi. Sauda alipopita na ndoo yake, akasimama.

"Mwalimu, habari za jioni."

"Njema, Bi. Sauda. Karibu."

"Hayo maranda ni ya mninga?"

"Ni ya mninga."

Akatua ndoo. "Mninga huchuja rangi, Mwalimu. Utawatia rangi kuku wako."

"Umeona kwa macho yako?"

"Sikuona. Mama yangu alinieleza. Zamani walikuwa wakichemsha mninga pamoja na majivu, wakitia rangi nyuzi za vikapu."

"Kwa hiyo umesikia."

"Nimesikia."

"Na mama yako, yeye aliona, au naye alisikia kwa mwingine?"

Alinitazama kidogo, bila hasira. "Mama yangu amekufa, Mwalimu. Siwezi kumwita aje kutoa ushahidi."

"Basi tumwache apumzike," nikasema, nikaendelea kumwaga gunia langu.

Nimefanya makosa mengi katika mkasa huu, na mengine yanachekesha, lakini jibu hilo halichekeshi, na kila ninaposimulia kisa hiki hulisema lote, bila kulilainisha, ili linichome inavyostahili. Bi. Sauda aliinua ndoo yake akaenda zake. Nami nikachukua debe la majivu ya jikoni, nikayachanganya vema na maranda, maana majivu huzuia utitiri (hilo nilikuwa nimelithibitisha mwenyewe), nikaswaga kuku ndani, nikasimama dirishani kuwatazama. Weupe juu ya rangi ya asali. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile kilichotengenezwa kwa mkono wangu.

Jumamosi alfajiri nilisikia chafya. Kuku mmoja, kisha watatu, kisha banda zima, chafya ndogondogo kavu. Nikajua mara moja kwamba ni vumbi la majivu na maranda, kwa kuwa macho yao yalikuwa maangavu na pua hazikutoka kamasi; lakini Bwana Mifugo atajuaje, na watu watakaosimama nyuma yake watajuaje? Banda la mchanjaji, kuku wanapiga chafya: hapo kazi imepotea kabla mlango haujafunguliwa. Nikatoa uamuzi mmoja mdogo, wa busara, ambao hata leo ningeutetea mbele ya jopo lolote: nikajaza maji keni ya kumwagilia bustani, nikanyunyizia maranda ili vumbi litulie. Kisha, kwa usalama, nikanyunyizia keni ya pili. Chafya zikakoma. Nikaenda kuoga, nikavaa shati langu jeupe la mahafali, nikanywa uji kwa utulivu wa mtu aliyemaliza maandalizi.

Mfugaji yeyote anajua kuku hufanya nini anapopata kitu laini cha baridi asubuhi yenye joto. Hulala, hujigaragaza, hukichota kwa mabawa na kujimwagia mgongoni, hugeuka upande wa pili na kuanza upya. Kuku wangu arobaini walikuwa na muda wa uji mzima wa kufanya hivyo.

Saa tatu na robo nilifungua mlango, nikaufunga. Nikaufungua tena.

Walikuwa wekundu. Si wekundu wa kuku mwekundu, ambao ni rangi ya heshima, bali wekundu wa kitu kilichomwagikiwa: matumbo kama yaliyochovywa, mabawa yenye michirizi, na mmoja, sijui alilalaje, alikuwa mwekundu upande wa kushoto na mweupe kabisa upande wa kulia, kama bendera.

"Mama Halima," nikaita, kwa sauti ambayo yeye baadaye alisema hakuitambua, "lete beseni na sabuni."

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mliowahi kukaa darasani mwangu. Rangi ya mninga kwenye maji matupu hutoka kidogo tu. Kwenye maji yenye majivu hutoka sana, kwa sababu majivu ni besi, yaani kinyume cha asidi. Na sabuni je? Sabuni nayo ni besi. Somo la asidi na besi nimelifundisha kila mwaka kwa miaka ishirini na minane, nimelitungia maswali, nimewanyima watu alama kwa ajili yake, na asubuhi ile nikamtumbukiza kuku wa kwanza kwenye beseni la povu, nikamsugua kwa nguvu zangu zote, nikamtoa akiwa mwekundu zaidi kuliko alivyoingia, mwekundu sawasawa, mwekundu hadi shingoni. Nikadhani sikusugua vya kutosha. Nikamchukua wa pili. Nilikuwa nimefika wa tisa, mikono yangu imekuwa myekundu hadi viwiko, shati la mahafali limerukiwa kifuani kama la mchinjaji, ndipo niliposikia hodi ya Bwana Mifugo, na nyuma yake miguu ya mtaa mzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, nikiwa nimeshika kuku wa tisa. Salamu haikosi jibu, hata kama dunia inaanguka.

Waliona beseni, wakaona mikono, wakaona kuku tisa waliolowa wakitembea uani kwa hasira. Mama mmoja nyuma akanong'ona, "Wanatoka damu," na waliokuja na watoto wakawavuta karibu. Bwana Mifugo, na namsifu kwa hilo, hakunong'ona. Alimchukua kuku mikononi mwangu, akamgeuza, akamtazama macho, kinywa, sehemu ya haja, akamkunja bawa na kulikunjua, akamweka chini.

"Ni mzima kabisa," akasema polepole. Akatoa kalamu. "Mwalimu, hii ni aina gani ya kuku?"

Kabla sijafungua kinywa, Ramadhani alikuwa amekwisha kufungua chake.

"Hao ni wale wa nje," akawaambia watu, kwa sauti ileile anayouzia makoti. "Mimi nimesikia habari zao mjini. Wanaingia weupe, wakikomaa wanageuka. Mayai mawili kwa siku. Nani mwingine angewapata kama si Mwalimu? Mwalimu haagizi kitu cha hovyo."

"Wanaoshwa hivyo kila siku?" mtu akauliza.

"Wanaoshwa na dawa yao. Huoni inavyotoka?"

Na watu wakaamini. Ndugu zangu, niliona kwa macho yangu uvumi ukizaliwa, ukitambaa na kusimama, kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kumenya kitunguu. Zama zenyewe zilikuwa za vitu vipya: kila wiki kilifika kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, kwa nini kisiwe kuku anayegeuka rangi? Wale waliokuwa wamerudi nyuma wakasogea mbele. Mzee mmoja aliniomba nimwekee vifaranga wawili. Mwingine akasema, wazi kabisa, kwamba mtu mwenye kuku kama hawa ndiye afaaye kushika sindano ya mtaa, hakuna haja hata ya kupiga kura. Bwana Mifugo alikuwa bado amesimama na kalamu yake juu ya karatasi, akingoja aandike.

Nilihitaji kufanya jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Kazi ilikuwa yangu. Maisha yangu yote nimeuchukia uvumi, nimeukataa ukija na majirani, nimeukataa ukija na magazeti, nimeukataa ukija umevaa kanzu, na siku ile ulikuja kwangu na zawadi mkononi. Sitawadanganya kwamba sikuitazama zawadi ile. Niliitazama kwa muda ambao mke wangu, aliyekuwa karibu na beseni, aliona ni mrefu mno.

"Baba Halima," akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Mifugo amekuuliza."

"Ramadhani," nikasema, "umesikia kwa nani habari za kuku hawa?"

"Mjini, Mwalimu."

"Mjini kwa nani?"

Akakuna shingo. "Mjini tu."

"Kaa chini."

Akakaa chini, uani kwangu, mtu mwenye watoto watano, na sauti yangu ikanirudia. Nikaomba beseni safi. Nikamimina maji, nikatia konzi moja ya maranda, nikakoroga, nikawaonyesha: maji yenye rangi kidogo, kama chai ya msiba. Nikatia konzi ya majivu, nikakoroga tena. Maji yakaiva mbele ya macho yao, yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Nikatoa leso yangu nyeupe mfukoni, nikaichovya, nikaikamua, nikaiinua juu.

"Hii," nikasema, "ndiyo aina ya kuku hawa. Ni kuku weupe wa mayai, wa kawaida, ambao mwenyewe amewatandikia mninga, akawachanganyia majivu, akawamwagia maji, na alipoona wanageuka akawaongezea sabuni, ambayo hukoleza rangi, na jambo hilo mwenyewe amelifundisha tangu wengi wenu hamjazaliwa."

Kisha Ramadhani, akiwa bado amekaa chini, akauliza kwa adabu kubwa, "Mwalimu, hilo swali ndilo lile ulilonipa sifuri?"

"Ndilo," nikasema.

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka hadi wengine wakashika ukuta wa banda, mzee wa vifaranga wawili alilia machozi, yule kuku wa bendera akapita katikati yao wakaanza upya. Nami nilisimama pale na leso yangu nyekundu, na nitawaambia jambo ambalo halieleweki kirahisi: nilikuwa nimeaibika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na wakati huohuo nilijua kwamba hilo lilikuwa somo bora kupita yote niliyowahi kufundisha, maana hakuna aliyekuwapo uani siku ile ambaye hadi leo hawezi kukueleza besi ni nini.

Kicheko kilipotulia, Bwana Mifugo akauliza, naye akijifuta macho, "Lakini Mwalimu, mtaa wote huu, hakuna aliyekuonya?"

Naam, swali hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

"Alinionya mtu mmoja," nikasema. "Bi. Sauda. Alinieleza mninga, akanieleza na majivu, kila kitu kama kilivyotokea. Nikamdai shahidi, naye shahidi wake ni marehemu. Nikasema neno juu ya marehemu huyo ambalo halikunistahili. Bi. Sauda, mbele ya watu hawa naomba radhi, kwako na kwa mama yako."

Bi. Sauda alikuwa amesimama karibu na lango, na sikumwona akicheka wakati wote ule. Akarekebisha khanga begani.

"Mama yangu hana neno," akasema. "Ila angekuambia nyuzi za vikapu huchemshwa. Wewe umewatia kuku rangi kwa maji baridi. Hilo hata yeye hakuliweza."

Walicheka tena, safari hii nami nikiwamo.

Kisha tukafika kwenye jambo lililotuleta. Bwana Mifugo akasema banda ni zuri, kuku ni wazima, kwa upande wake hana kipingamizi, mtaa uamue. Nikaomba kusema. Nikasema kwamba mchanjaji si mtu wa kusoma maandishi ya kwenye chupa tu, ni mtu wa kuingia ua hadi ua na kusikiliza anachoambiwa: huyu ameacha kula tangu jana, huyu amezubaa, yule analala mchana; na mtu anayemdai kila jirani shahidi atawafikia kuku wamekwisha kufa. Nikasema yupo mtu aliyepoteza kuku wake wote, anayejua ugonjwa ulivyoanza kwa kila nyumba, na asiyesema zaidi ya anachokijua. Nikampendekeza Bi. Sauda.

"Mimi sijui kuandika haraka," akasema Bi. Sauda.

"Nitaandika mimi."

"Na kuku wa kuwashika je? Mikono yangu imechoka."

"Nitashika mimi."

Bwana Mifugo akasema sharti la banda atamwondolea, kwa kuwa kuku wake aliwapoteza kwa mdondo, na wanaomtaka Bi. Sauda wanyooshe mikono. Wangu ulikuwa wa kwanza kupanda, mwekundu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na naamini hakuna kura iliyowahi kuonekana wazi kuliko ile katika kata yetu.

Tangu siku ile niliapa mambo mawili, na yote nimeyashika. La kwanza, mninga hautaingia tena bandani mwangu ila kama mlango. La pili lilikuwa gumu zaidi kwa mtu wa tabia yangu: sitalikataa tena neno kwa sababu tu limeambiwa. Sitaliamini, la hasha, mimi siyo Ramadhani, nitalipima. Lakini kulitupa bila kulipima ni uvivu uleule wa kuliamini bila kulipima, ila umevaa tai.

Rangi yenyewe haikutoka kwa kitu chochote. Ilingoja manyoya yabadilike, na kwa miezi yote hiyo watu walileta wageni wao kuwaona kuku wa Mwalimu, nami nilisimama mlangoni nikawaeleza wote, kila mara, tangu mwanzo. Siku ya chanjo ya kwanza Bi. Sauda alianzia mwisho wa mtaa, akaja nyumba hadi nyumba na chupa yake ndogo ya chanjo, maana dawa yenyewe ilikuwa ya matone, si ya sindano, mimi nyuma yake na daftari, hadi tukafika kwangu. Nikaweka daftari chini, nikamshika kuku wa kwanza, yule wa bendera, kichwa upande, jicho juu.

"Mshike vizuri, Mwalimu," akasema, tone likiwa tayari linaning'inia. "Mtaa wote unamjua huyu."

Nikamshika vizuri. Tone likaingia jichoni, kuku akapepesa mara moja, nikanyoosha mkono kumchukua wa pili.